Nani Anayejibu? Okestra na Ukimya wa Mpenzi katika "The Last Farewell"

Ni mazoea ya baadhi ya wahakiki wetu kuyatenga maneno ya wimbo na ala zake, kana kwamba maneno ndiyo fasihi na muziki ni pambo tu. Makala haya mafupi yanapinga mtazamo huo kwa kuuchunguza wimbo "The Last Farewell" wa Roger Whittaker, mwimbaji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1936 na kufariki mwaka 2023. Wimbo huo umo katika albamu yake New World in the Morning ya mwaka 1971, ingawa ulivuma hasa mwaka 1975.

Chimbuko lake halitamshangaza mwanafunzi wa taarabu. Whittaker aliwaalika wasikilizaji wa kipindi chake cha redio huko Uingereza wampelekee mashairi ili ayatilie sauti. Shairi hili lilitungwa na Ron Webster, mfua fedha wa Birmingham. Basi shairi lilitangulia muziki, kama ilivyo malenga wetu wanapovipa vikundi tungo zao.

Nafsineni ni baharia wa Kiingereza anayeiacha nchi ya jua kwenda vitani. Anamsifu mpenzi wake na kumuaga. Mpenzi mwenyewe hana jina wala kauli. Hapa ndipo mpango wa ala wa Zack Lawrence unapofanya kazi ya kifasihi. Baragumu la shaba linaufungua wimbo kwa mlio wa safari, kisha fidla zinafurika kuizunguka sauti nzito ya mwimbaji. Panapostahili jibu la mwanamke pana fidla. Msikilizaji anatosheka, asitambue kuwa hakuna aliyejibu.

Suala hili lina uzito kwetu Isiolo, mji ambao askari wa Kisomali walipewa makazi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na ambao hadi leo una kambi za jeshi. Hapa kuagana kuna pande mbili: anayekwenda na anayebaki. Taarabu nayo imezoea majibizano. Fumbo la kikundi kimoja hujibiwa na kingine.

Hatudai kuwa wimbo huu haufai kufundishwa. La hasha! Uzuri wake ni wa kweli, nasi pia hutugusa. Tunachodai ni kuwa anayesoma maneno pekee ataona ukimya, na anayesikiliza ala pekee ataona mahaba. Mhakiki hana budi kuvishika vyote viwili, kisha aulize: ala hizi zinasema kwa niaba ya nani?