Jiwe Lisilo na Mwenyewe: Uhakiki wa Dhana ya Wageni wa Angani Kuhusu Miamba ya Mashariki mwa Uganda

Mwaka 1968 Erich von Däniken alichapisha kitabu kilichohusisha kazi kubwa za mawe za watu wa kale na wageni waliotoka angani. Dhana hiyo ikifikishwa mashariki mwa Uganda hukuta uwanja ulio tayari. Kaskazini mwa Mbale, karibu na mji wa Kumi, miamba ya Nyero ina michoro myekundu ya duara ndani ya duara na maumbo marefu yanayofananishwa na mitumbwi. Kusini-mashariki mwa Jinja, ndani ya Ziwa Viktoria, kisiwa cha Lolui, kiitwacho pia Dolwe, kina mawe yaliyotobolewa vishimo.

Kwa upande wa Nyero, dhana hii haina nguvu. Michoro ya kijiometri ya rangi nyekundu imeenea hadi Zambia na Malawi, na Catherine Namono, katika makala yake ya mwaka 2010, aliihusisha na jamii za wawindaji na wakusanyaji walio na nasaba moja na Watwa. Mgeni wa angani angelazimika kufuata nyayo za wawindaji hao kila walikopita! Hata hivyo, jina “Watwa” nalo lisitumike kiholela, kana kwamba familia zinazoishi Kigezi leo ndizo zilizoshika rangi hiyo.

Lolui inahitaji kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu hapo fumbo lina historia inayojulikana. Jackson, Gartlan na Posnansky walieleza mwaka 1965 kwamba baadhi ya miamba ya kisiwa hicho ni ala za muziki. Ikigongwa kwa jiwe la mkononi hutoa mlio kama wa kengele, na vishimo vyake ni alama za kugongwa mahali pamoja kwa muda mrefu. Mashimo mengine ni ya kusagia. Ala na jiko viligeuka “maajabu” baada ya serikali ya kikoloni kuwahamisha wakazi katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, ugonjwa wa malale ulipoangamiza watu wa Busoga na visiwa vya jirani. Ukimya wa mawe hayo ulitokana na amri ya serikali.

Dhana hii ina babu yake. Speke, aliyefika kwenye maporomoko ya Jinja Julai 1862, aliandika kwamba watawala wa Maziwa Makuu walitoka Uhabeshi. Zimbabwe Kuu nayo ilihusishwa na wageni, ingawa Randall-MacIver mwaka 1905 na Caton-Thompson mwaka 1929 walithibitisha kwamba ni kazi ya Waafrika. Kwa von Däniken, mgeni amesogezwa tu kutoka ng’ambo hadi angani.

Kiswahili kinaweza kuisaidia dhana hii bila kukusudia. Kauli ya kutendwa huruhusu mtenda aachwe: “michoro iliyoachwa”, “mawe yaliyochongwa”. Na nani? Sentensi inakamilika bila jibu, na msomaji hulijaza pengo hilo atakavyo. (Kwa Kisoga na Kiganda, jina la Jinja lenyewe maana yake ni jiwe, huko hakuna anayelistaajabia.)

Hasara yake ni ya kisera. Sheria ya Makumbusho ya Kihistoria ya mwaka 1967 iliwezesha kulindwa kwa maeneo kama haya, lakini sheria pekee haimzuii mpasua kokoto anayeamini kwamba mwamba hauna mwenyewe. Wakazi wa Kumi waliokwenda Nyero kuomba mvua hawakuchora michoro hiyo, ila waliitunza. Nao hupotea katika masimulizi ya anga. Vibao vya maelezo vya Nyero na Lolui viandikwe kwa kauli ya kutenda: wawindaji walichora, wanakisiwa waligonga na kusaga, serikali iliwahamisha. Kumbukumbu za familia zilizotoka Lolui nazo zikusanywe bara, kwa Kisamia na Kisoga, kabla ya maneno ya kibao kuamuliwa Kampala.