Nafasi ya Besi katika Muziki Unaorekodiwa Nyumbani

Wahakiki wetu wamezoea kuchambua maneno ya wimbo, mafunzo yake na ustadi wa mwimbaji. Ni wachache wanaouliza kama maneno hayo yanasikika. Siku hizi vijana wengi hurekodi na kuchanganya muziki chumbani mwao kwa kompyuta, na katika nyimbo nyingi za namna hiyo besi humeza sauti ya mwimbaji. Hivyo swali hilo haliwezi tena kuepukwa.

Wako wanaodai kwamba kosa hili limeletwa na vijana kupenda makelele. Dai hilo si la haki. Muziki wetu umesimama juu ya sauti nzito tangu zamani. Bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz ilikuja kujulikana kwa jina la msondo, yaani ngoma ile ndefu. Katika nyimbo za dansi zilizorekodiwa na Radio Tanzania, gitaa la besi hutembea waziwazi, na bado neno la mwimbaji halipotei.

Chanzo kikubwa cha kosa ni chumba chenyewe. Uzi mnene kuliko zote wa gitaa la besi lenye nyuzi nne hutetema kiasi cha mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa mita 8 hivi. Katika chumba cha mita 4, wimbi hilo hugonga ukuta, hurudi na kukutana na lenyewe. Karibu na kuta besi hujaa. Katikati ya chumba karibu itoweke. Kijana aliyeketi katikati huiongeza, asijue kwamba anatibu chumba wala si wimbo. Tena, mwaka 1933 Fletcher na Munson wa Marekani walionyesha kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio hupungukiwa zaidi na zile nzito. Basi achanganyaye usiku kwa sauti ya chini, akiwaonea haya majirani, huiongeza besi mara ya pili.

Dawa yake haihitaji mitambo ya gharama. Msanii na asikae katikati. Asikilize kwa sauti ya wastani. Aulinganishe wimbo wake na wimbo mwingine uliorekodiwa vizuri. Kisha aujaribu katika redio ndogo. Besi isipofuatika humo, asiiongezee nguvu, bali ainue sauti zake za juu, na dramu kubwa aipunguze pale inapogombania nafasi na besi.

Twafundisha kwamba fani na maudhui havitengani. Mwalimu na auchezeshe darasani wimbo uliotungwa na mwanafunzi, kisha awaambie wenzake waandike maneno waliyoyasikia. Karatasi zikirudi tupu, mtunzi atakuwa amesema bila kusikiwa, hata kama ujumbe wake ulikuwa mzuri.