Django inafunika SQL mapema mno

Wengi wetu tulijifunza Django kwa yale mafunzo yake rasmi ya programu ya kura. Mimi pia. Ni mafunzo mazuri: yanaenda hatua kwa hatua, yanapatikana hata kwa Kifaransa, na kisha siku chache mtu iko na kitu kinachotembea. Lakini kasoro yake moja ilinikamata siku ya kutetea TFC yangu.

Nilikuwa nimefanya programu ya minervali kwa shule moja. Nikiijaribu na wanafunzi 10, ilikuwa inakimbia. Mbele ya juri, na wanafunzi 400, orodha ikakawia kufunguka. Profesa mmoja akaniuliza: «Ukurasa huu unatuma rekete ngapi kwenye baze?» Nikajibu: «Moja, Prof.» Zilikuwa 401.

Namna gani? ORM njo ile sehemu inayogeuza mistari ya majedwali kuwa objeti za Python. Niliandika mwanafunzi.darasa.jina, nikadhani jina liko tayari. Kumbe ORM ilileta wanafunzi wote kwa rekete moja, kisha kwa kila mwanafunzi ikarudi kwenye baze kuuliza darasa lake. Dawa ni neno moja, select_related, linalounganisha majedwali kwa JOIN. Rekete inabaki moja. Lakini asiyejua JOIN atajuaje kutafuta dawa hiyo?

Hapo njo lawama yangu. Sehemu ya 2 inaonyesha SQL ya kuunda majedwali, sawa. Lakini tukianza kusoma data, SQL inafunikwa. Debug Toolbar, chombo kinachoonyesha rekete za kila ukurasa, inakuja sehemu ya 8, mwishoni kabisa, tena kama mfano tu wa kuongeza paketi ya nje. Na kura chache za mazoezi haziwezi kumuonyesha mtu uzito wa kosa.

Bamoja watasema ORM ilitengenezwa ili tusisumbuke na SQL. Nakubali, inapunguza kuandika. Lakini baze bado inapokea SQL, na siku inakawia, ni SQL njo utalazimika kusoma.

Wadogo wetu mnaoanza: shikeni kwanza SELECT, JOIN na GROUP BY, kisha Django. Debug Toolbar muiweke siku ya kwanza. Juri ilinipitisha, lakini ile «Moja, Prof.» ingali inaniuma.

Na ninyi, rekete gani iliwahi kuwaumbua? Semeni hapa chini.