Foleni Ikae Wapi

Mwaka 2001 Mfaransa Willy Tarreau alitoa HAProxy, programu inayokaa mbele ya seva kadhaa na kuzigawia maombi yanayoingia. Ndani ya faili lake la mipangilio kuna neno maxconn, na namba inayofuata baada yake hunionyesha vizuri zaidi fundi ni wa kiwango gani kuliko cheti chochote.

Neno hilo huandikwa sehemu tatu. Kwenye kifungu cha global linaweka kikomo cha programu nzima, na hapo hesabu ni ya kumbukumbu na mafaili: kila mteja anayefikishwa kwenye seva hutumia miunganisho miwili, wa kwake na wa seva, na kila muunganisho huhesabiwa kama faili, hivyo ukiandika 20,000 mfumo lazima uruhusu mafaili zaidi ya 40,000 yafunguliwe. Kwenye frontend ni kikomo cha mlango mmoja. Ufundi wenyewe uko sehemu ya tatu, kwenye mstari wa seva:

server app1 10.0.0.11:8080 check maxconn 30

Mgeni ataona 30 ni ubahili, kwa mashine yenye nguvu kiasi hicho. Lakini seva ikitupiwa maombi 500 kwa pamoja haifanyi kazi 500. Prosesa inarukaruka kutoka kazi hii hadi ile, kumbukumbu inajaa, maombi yanagombania hifadhidata, na wateja wote wanachelewa, hata yule aliyetangulia. Mpishi mwenye mafiga matatu habandiki sufuria ya pili juu ya ya kwanza. Ombi la 31 HAProxy inalishikilia kwenye foleni yake, ambako kusubiri hakugharimu zaidi ya kumbukumbu kidogo, na nafasi ikipatikana tu inalipeleka. Ndiyo maana kupunguza namba mara nyingi huharakisha majibu, jambo ambalo mpaka leo linanifurahisha kila nikiliona kwenye grafu.

Namba haibuniwi. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kwamba wastani wa waliomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Maombi 400 kwa sekunde, kila moja likichukua milisekunde 50, maana yake ndani wapo 20. Fundi mzuri huanzia hapo, kisha anapima: anaongeza mzigo taratibu, akiangalia maombi yanayokamilika. Mahali ambapo kuongeza miunganisho kunarefusha muda bila kuongeza kazi inayotoka, anarudi nyuma kidogo na kuandika. Na kama nyuma kuna PHP yenye wafanyakazi 30, hakuna haja ya kupeleka maombi 31, maana hilo la ziada litasubiri mahali ambapo HAProxy haiwezi kulihamishia seva nyingine.

Foleni nayo inataka mwisho. Timeout queue ikiwekwa sekunde 5, aliyesubiri zaidi ya hapo anapewa jibu la 503 badala ya kuachwa akitazama ukurasa mweupe. Wengi hawaiandiki, na HAProxy inaazima muda wa timeout connect, ambao ulipangwa kwa shughuli nyingine kabisa, ya kuunganika na seva. Halafu kuna abortonclose, chaguo ninalolithamini sana: mteja akichoka na kufunga kivinjari akiwa bado kwenye foleni, ombi lake linaondolewa, na seva haipotezi hata milisekunde moja kuandaa jibu lisilo na msomaji.