Televisheni ya Kujichagulia: Nani Ajazaye Tangi?

Wasomaji wetu wa Goma wayajua madishi yaliyopandwa juu ya mabati, toka Birere hadi Himbi. Zamani neno la wauzaji lilikuwa moja tu: chaneli nyingi. Siku hizi wamelibadili. Wasema, usingoje tena saa ya kipindi; chagua filamu uitakayo, uitazame saa uitakayo. Neno hilo ni tamu, wala hatulikatai. Lakini kazi yetu hapa ni kupima, si kushangilia. Basi na tuipime ahadi hii, tuone kama mtu wa Goma atakuwa mchaguzi kweli, au mlipaji tu.

Kwanza yafaa kuelewa jinsi mambo yaendavyo. Setilaiti ya televisheni hukaa juu ya ikweta, mbali na dunia kilometa 36,000 hivi, nayo hutuma picha kama mvua: hunyeshea wote pamoja, saa ile ile. Dishi la nyumbani hupokea tu. Haliwezi kupeleka neno juu na kusema, "Mimi nataka filamu ile." Kwa hiyo mwenye kutaka kuchagua hana budi kupita njia ya pili, yaani intaneti, na hapo gharama inaongezeka. Netflix wenyewe waeleza kwamba picha ya kawaida hula hadi gigabaiti 1 kwa saa, na picha safi hadi 3. Baba aliyekwisha kulipa abonema ya dekoda atalipa tena data. Na jioni moja ya watoto yaweza kumaliza alichokiweka kwa juma zima.

Iko njia nyingine, nasi twaiona kuwa ya akili zaidi. Watu wa Goma ni hodari wa kukinga mvua, kwa maana mwamba wa volkano hauchimbiki kisima kwa urahisi. Maji ya paa huingia tangini, yakatumika siku ya jua. Dekoda yaweza kufanya vivyo hivyo. Watu wakiwa wamelala, setilaiti hushusha filamu, dekoda huziweka katika diski yake, na kesho yake mwenye nyumba hufungua aitakayo na kuilipia hiyo tu. DStv walianza kazi ya namna hiyo Afrika Kusini mwaka 2011, wakaiita BoxOffice. Data haihitajiki kwa kuleta picha.

Kasoro yake ni umeme: dekoda iliyozimika usiku haikingi kitu. Nasi hatujasahau mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme na maji vikakatika. Lakini dekoda hula umeme kidogo, hata betri ya sola yaiweza. Tena filamu iliyokwisha kuingia diskini haipotei intaneti ikikatika.

Wengine watatujibu kwamba Starlink, ambayo Serikali ya Kongo iliipa leseni mwezi Mei 2025, yaleta intaneti yenyewe kutoka angani, na kwamba matangi yatakuwa mambo ya kale. Yawezekana kwa mwenye hoteli au mwenye duka kubwa. Kwa nyumba ya kawaida hilo ni dishi la pili na malipo ya pili, kabla hata ya kuilipia filamu yenyewe.

Basi tuseme vyombo vyote vimekamilika: dishi lipo, umeme upo, tangi lipo. Swali kubwa labaki: nani ajazaye tangi? Maana mtazamaji huchagua katika yale tu yaliyokwisha kuchaguliwa na mwingine.

Mfano tunao karibu. Filamu iitwayo Virunga, ya Mwingereza Orlando von Einsiedel, ilitengenezwa hapa hapa Kivu ya Kaskazini, wakati ule mji wa Goma ulipotekwa mwezi Novemba 2012. Ni kazi njema, nasi twaisifu kwa haki. André Bauma aonekana akiwalea sokwe yatima huko Rumangabo kama baba mzazi, milio ya bunduki ikikaribia. Rodrigue Katembo, mlinzi wa mbuga, achukua kamera ya siri ili kufichua hila za wenye tamaa ya mafuta. Lakini mwuza soko na mwalimu wa Goma hawapati nafasi ya kusema mengi humo. Twawaona zaidi kama umati ukimbiao. Tena, Netflix waliitoa filamu hiyo Novemba 2014, na mlango wao haukufunguliwa kwetu Kongo mpaka Januari 2016. Kwa miezi 14 mtu wa London aliweza kuiagiza filamu ya mlima wetu kwa kidole. Sisi tunaoamka tukiuona mlima wenyewe hatukuweza. Hiyo ndiyo maana ya tangi kujazwa na mwingine.

Tukitaka kujua watu wetu wangechagua nini, na tutazame walichochagua bila kuulizwa. Tanzania, Derek Mukandala, aitwaye Lufufu, alipata jina kubwa kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya kanda za video. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo kwa Kiganda. Hakuna kampuni iliyowatuma. Watazamaji walitaka lugha yao, wakalipa, hata kama picha ilikuwa mbaya na kiti ni ubao.

Makampuni hayakosi kulijua jambo hili. Canal+ wana Maboke TV kwa ajili ya Kilingala, na Azam wa Tanzania wana Sinema Zetu kwa Kiswahili. Mwezi Juni 2025 Canal+ na Netflix walitangaza mapatano ya kuitoa Netflix pamoja na abonema za Canal+ katika nchi 24 za Afrika zitumiazo Kifaransa. Na Septemba mwaka huo Canal+ wakaishika MultiChoice, wenye DStv. Matangi yanakuwa makubwa, na wenye kuyajaza wanakuwa wachache. Ndiyo sababu twasema sasa, kabla mazoea hayajakaa.

Hukumu yetu ni hii. Njia ya kukinga usiku yafaa kwa mji wetu kuliko ya intaneti, mradi mtu aweze kulipia filamu moja moja kwa simu, bila kufungwa na abonema ya mwezi. Na katika kila tangi liwekwe fungu la kazi za Kivu: za Petna Ndaliko Katondolo na vijana wa Yole!Africa hapa Goma, na filamu kama Maman Colonelle ya Dieudo Hamadi, ya mwaka 2017, imfuatayo polisi mwanamke aliyehamishwa toka Bukavu kwenda Kisangani. Pasipo fungu hilo, mtoto wetu atachagua kila usiku katika orodha ndefu, asiikute hata mara moja sauti ya mama yake.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu twamkaribisha. Lakini na mwenyeji naye apewe nafasi ya kusema.