Babu Wawili wa Guillén
Mtu wa Mandawa anayejiandaa kwenda Kuba na awajue kwanza wenyeji wake kupitia Nicolás Guillén (1902–1989). Katika shairi la babu wawili, lililomo katika *West Indies Ltd.* (1934), mshairi anawakutanisha wazee wake: Federico, Mzungu, anapaza sauti, Facundo, Mwafrika, amenyamaza. Mwishoni wanakumbatiana na kuimba. Suluhu hiyo ni tamu, lakini ni ya haraka, kwani mzee mweusi bado ana jina la Kihispania, na Afrika yake ni misitu isiyo na mji. Wamakua wa ng’ambo ya Ruvuma nao walipelekwa utumwani Kuba, wakaitwa Macuá. Baadaye, katika “El apellido”, Guillén alilidai jina lililopotea. Dai hilo ndilo ushairi wake mzito zaidi.