"Steringi Hafi": Kanuni ya Kibanda na Hukumu Zinazobadilika kuhusu Filamu za James Bond

Katika vibanda vya video vilivyoenea Eastlands, Nairobi, tangu miaka ya 1980, mtaa wa Mbotela ukiwamo, pana kanuni moja ya uhakiki ambayo haikuandikwa na msomi yeyote: steringi hafi. Mhusika mkuu aweza kupigwa risasi, kufungwa kamba na kutoswa baharini. Mtazamaji aliyelipa kiingilio chake habababaiki, kwani anajua picha haiwezi kwisha kabla ya mwenyewe kushinda. Kanuni hii husemwa kwa mzaha, na pengine ndiyo sababu wahakiki hawajaitia maanani. Hata hivyo ni nadharia kamili. Inabainisha utanzu wa kazi inayotazamwa, inaeleza taharuki ni ya nini (si kujua kama shujaa ataokoka, bali ataokokaje), na inatoa kipimo cha kumlaumu msanii anayeikiuka. Makala haya yanashikilia kwamba kanuni hiyo inaeleza, kuliko maelezo yaliyozoeleka, kwa nini filamu fulani za James Bond ziliwagawanya mashabiki, na kwa nini hukumu juu yake ilibadilika baadaye.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba watazamaji wa kwanza walikosea na waliofuata wakaerevuka. Mfano unaotajwa zaidi ni On Her Majesty's Secret Service, iliyoongozwa na Peter Hunt mwaka 1969. Sean Connery alikuwa amejitoa, na nafasi yake ikachukuliwa na George Lazenby, Mwaustralia asiye na uzoefu wa uigizaji. Katika filamu hiyo jasusi anaoa, na muda mfupi baada ya arusi mkewe, Tracy, anauawa kwa risasi ndani ya gari. Picha inakwisha mume akiwa amempakata marehemu. Wengi hawakuridhika. Lazenby hakurudi tena, na mwaka 1971 Connery aliitwa kuliokoa jahazi. Lakini mwaka 2012, mashabiki walipopigishwa kura na jarida la 007 Magazine, filamu iyo hiyo ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza, ikaipita hata Goldfinger ya mwaka 1964.

Mageuzi ya namna hii si mageni kwa msomaji wa Kiswahili. Mtaa wa Mbotela wenyewe una jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Nairobi mwaka 1952, ambaye baba yake, James Juma Mbotela, aliandika Uhuru wa Watumwa (1934). Kitabu hicho kilisomwa kwa miongo kadhaa, kisha wahakiki wakakilaumu kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Maneno ya kitabu hayakubadilika. Wasomaji ndio waliobadilika.

Kusema kwamba watu waliamka usingizini, basi, hakutoshi. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa Konstanz wa mwaka 1967, alikwisha kuonyesha kwamba kazi ya sanaa hupokewa ndani ya upeo wa matarajio, na kwamba upeo huo husogea. Linalobaki ni kuuliza umesogezwa na nini. Hapa ndipo kanuni ya kibanda inapofaa. Ikichunguzwa vizuri, kanuni hiyo haiahidi uhai wa steringi peke yake. Inaahidi pia kwamba atabaki vilevile: mpweke, mzima, asiye na deni la moyo, tayari kwa kazi nyingine. Umberto Eco, alipozichambua riwaya za Ian Fleming mwaka 1965, aliona jambo lililo karibu na hili, akazifananisha na mchezo ambao hatua zake zinajulikana tangu mwanzo. Ndoa ya mwaka 1969 iliivunja ahadi hiyo. Kifo cha bibi arusi kiliirudisha, lakini kwa kilio. Mtazamaji wa wakati huo alikosewa mara mbili katika picha moja, na juu ya hayo akapewa sura ngeni.

Kilichoisogeza hukumu kwanza ni kanda ya video. Kanda haifuati utaratibu wa miaka. Mtazamaji aliyeanza na Roger Moore, akamjia Lazenby baadaye, akarudi kwa Connery mwisho, hakuwa na sababu ya kumwombolezea Connery. Kwake Lazenby alikuwa Bond mwingine tu. Lawama iliyokuwa nzito kuliko zote ikapoteza uzito, na hadithi ikabaki itazamwe yenyewe. Pili, mfululizo wenyewe ulianza kuizalia filamu hiyo watoto. Casino Royale (2006) ilirudia mapenzi yanayoishia kifoni, na No Time to Die (2021) ikauazima waziwazi wimbo wa Louis Armstrong uliotumika mwaka 1969. Kazi iliyoonekana kuwa kosa ikawa chimbuko.

Licence to Kill (1989) ni kisa kinachofundisha zaidi. Bond ananyang'anywa leseni yake na kwenda kumlipizia kisasi rafiki yake, Felix Leiter, aliyetupiwa papa huku mkewe akiuawa usiku wa arusi yao. Uingereza iliipa daraja la watazamaji wa miaka 15 na zaidi, jambo ambalo halikuwa limeifika filamu yoyote ya mfululizo huo, na walalamikaji walisema huyu si Bond tena bali muuaji wa kawaida. Lakini lililoonekana usaliti London ni hadithi inayojulikana kuliko zote kibandani. Kisasi cha ndugu au rafiki ndicho kiini cha picha za Hong Kong na za Kihindi zilizolea macho ya Eastlands. Timothy Dalton mwenye hasira hakuhitaji kusubiri Daniel Craig amwandalie njia; njia ilikuwa imekwisha kuandaliwa na Sholay (1975). Na Sholay, hapana budi kukumbusha, inamwua mmoja wa mashujaa wake wawili. Mtu akiulizwa kanuni imekwenda wapi, jibu liko tayari: aliyebaki ndiye steringi. Kanuni hutumika kutoka mwisho kurudi mwanzo, na hilo ndilo linaloiokoa kila mara.

Si kila hukumu iliyosogea, hata hivyo. Craig alipinduliwa sifa kwa miezi michache: kabla ya Casino Royale kutoka, mashabiki walitishia kuisusia, ilipotoka walimpigia makofi. Lakini filamu hiyo hiyo ina tukio linaloandikwa kuwa liko Mbale, Uganda, na kinachoonekana ni kambi ya waasi porini. Mbale ni mji wa kahawa ya Bugisu chini ya Mlima Elgon. Katika mijadala ya mashabiki wa Ulaya kosa hili ni nadra kuhesabiwa. Aristablus Elvis Musiba, alipomleta jasusi wake Willy Gamba Nairobi katika Kufa na Kupona (1974), alimleta mjini. Gamba naye ni steringi asiyekufa, na wahakiki waliomwita kivuli cha Bond walisema kweli nusu; hawakuuliza kivuli kimeangukia ardhi ya nani.

No Time to Die imeivunja kanuni bila kubakiza kitu. Bond anakufa kisiwani kwa makombora ya serikali yake mwenyewe, akiwa amebeba viini vitakavyomwua mwanawe na mama wa mtoto huyo iwapo atawagusa. Mashabiki wamegawanyika hadi leo. Wanaoitetea husema kwamba shujaa asiyeweza kufa hana thamani. Wanaoilaumu husema ahadi ni ahadi. Wa kwanza wana hoja nzito, na fasihi ya Kiswahili iko upande wao: Fumo Liyongo, shujaa mkuu kuliko wote katika fasihi hiyo, anakufa, tena kwa sindano ya shaba kitovuni. Udhaifu wa filamu hauko katika kumwua shujaa. Uko katika namna ya kumwua. Liyongo anauawa na mwanawe aliyehongwa, baada ya siri kutoka kinywani mwake mwenyewe. Ndani ya kifo hicho mna mapenzi, tamaa na usaliti. Bond anauawa na mitambo. Adui amemwambukiza, wenzake wamefyatua kwa ombi lake, na hakuna hata mmoja wa watu wake anayebaki na hatia ya kuibeba.

Tofauti inaonekana zaidi katika yanayofuata. Liyongo alikufa amepiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa upindeni, na watu wa mji walikaa siku kadhaa bila kuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai na amekasirika, hata mama yake akaletwa ambembeleze. Katika ofisi ya London wenzake Bond wanasimama, wanasoma maneno machache, wanainua glasi, kisha mkuu wao anawaambia warudi kazini. Baada ya majina yote kupita yanatokea maandishi kwamba James Bond atarudi, na kibandani hapo ndipo mabishano yanapoanza: aliyekufa alikuwa steringi, au steringi ni huyo anayesemwa kuwa yuaja?